Verni ya Pili

Ukitaka kumtibua Mwantum, mwite mke wa fundi. Mwite hivyo mara moja tu, kisha usogee mbali na brashi yake ya chuma. Yeye ni fundi mwenyewe. Marehemu mumewe, Faridi, naye alikuwa fundi, Mungu amrehemu, lakini hayo ni mambo mawili, na watu wa mtaa wa Buyenzi, Bujumbura, waliokuwa wakiyachanganya wamepungua mwaka hadi mwaka, maana kila mmoja alishapata dawa yake.

Kazi yake ni janti. Si matairi, tairi ni mpira, na mpira una watu wake pale kona. Janti ni kile chuma cha duara kinachoshika tairi, ambacho mwenye gari hakitazami mpaka siku kimeliwa na kutu. Mwantum huzipokea zimebonyea, zimepakwa rangi nne juu kwa juu na watu wasiomwogopa Mungu, akazirudisha kama zilivyotoka kiwandani. Za magari ya leo hazitaki. Anataka za magari ya zamani, yale ambayo wenyewe wanayaosha kwa mkono siku ya Jumapili na hawamwazimi mtu hata kwa maiti.

Wengi hudhani alijifunza kazi baada ya mumewe kufa. Wapi! Faridi alikuwa na mkono mzuri wa kupuliza rangi, hilo hakuna wa kulikana, lakini jicho la rangi hakuwa nalo hata kidogo. Kila jioni alikuwa akileta makopo nyumbani ndani ya kikapu, juu ameweka mchicha, na Mwantum akishapakua chakula huketi sakafuni akachanganya. Miaka ishirini na miwili. Mji mzima ukisifu jicho la Faridi, naye Mwantum anazisikia sifa hizo kwenye arusi, anakohoa, anaongeza wali kwenye sahani.

Kwa hiyo Faridi alipofariki, na arobaini ikapita, wakaja wanaume watatu wamevaa kanzu, nyuso zimejaa huruma, kumwuliza habari ya kompresa, ile mashine ya upepo ya kupulizia rangi. Mwantum aliwapa chai. Aliwaacha wanywe mpaka nusu, kisha akawauliza, "Mumekuja kuhani au mumekuja kununua?" Waliacha vikombe bila kumaliza.

Asubuhi ya pili yake aliipakia kompresa kwenye mkokoteni akaipeleka uwanja uleule wa mafundi alipofanyia kazi mumewe. Mkubwa wa uwanja, Maxime, fundi wa injini mwenye tumbo na maneno machache, alimpa janti moja ya kumjaribia. Aliitazama ilipokauka, akaipindua, akaitazama tena, akampa nafasi ya langoni, penye mwanga kuliko kote. Tangu siku hiyo ni miaka kumi na moja. Mwantum ana kigoda chake hapo, na mbele ya kigoda kuna kitovu cha gurudumu la lori kilichochimbiwa ardhini, kinachozunguka. Huweka janti juu yake, mkono wa kushoto unaizungusha polepole, wa kulia unapuliza kwa pistole, ile bomba ya rangi. Wanaume wa uwanja, ambao mwanzo waliona aibu kufanya kazi na mwanamke, sasa wanaona aibu kumpita bila kumwamkia.

Uwanja ule una mafundi saba na kanuni moja: kazi ya mwenzako haiguswi. Huihamishi isipate mvua, huikazi nati, huifuti vumbi. Kila mtu anajibu kwa mteja wake na mkono wake. Miaka miwili iliyopita kulikuwa na kijana wa watu, Fabrice, alimkazia mwenzake bolti moja kwa roho nzuri tu, mwenzake akiwa amekwenda kula. Maxime alimwambia akusanye vyombo vyake siku hiyohiyo. Hakuna aliyemtetea, hata yule aliyekaziwa bolti.

Karibu na Mwantum, hatua kumi tu, anapiga nyundo Jovithe. Huyu ni fundi wa bodi, mtu wa Buterere, wa makamo, mrefu, mkristo wa kwenda kanisani kila Jumapili na shati lililopigwa pasi. Ni mpole mpaka anaudhi. Kazi yake ni kunyoosha mabati na kuyasugua, na vumbi la kusugua, kama mnavyojua, haliulizi njia. Likiangukia rangi mbichi, kazi imekwisha.

"Jovithe! Vumbi lako!"

"Pardon, Mama."

"Pardon haifuti vumbi! Geuka ule upande mwingine!"

"Nageuka, Mama."

Hiyo ndiyo ilikuwa salamu yao kwa miaka minane. Watu wakipita wanasikia, wanajua saa za kazi zimeanza.

Sasa tuseme lile ambalo Mwantum hakumwambia mtu. Macho yake yalikuwa yanakwisha. Ilianza na mvua za mwaka juzi: taa za pikipiki zikaota manyoya, kisha nyeupe yote ikawa kama shuka iliyofuliwa na maji ya chai. Akitazama krimu na nyeupe, anaona kitu kimoja. Alikwenda kwa daktari wa macho peke yake, binti yake Assia akiwa ameambiwa mama anakwenda hitimani. Daktari alimwambia ni mtoto wa jicho, macho yote mawili, yanapasuliwa moja baada ya jingine, anapumzika wiki kadhaa, anaona tena. Mwantum alishukuru, akaikunja karatasi, akaitia ndani ya mto wa kulalia.

Kisu hakikumtisha. Kilichomtisha ni habari. Fundi wa rangi haoni rangi! Neno hilo likitoka, lingefika sokoni kabla yake. Nani angemletea janti, hata ya baiskeli? Na ile nafasi ya langoni, kuna vijana wa rangi za kompyuta waliokuwa wakiimezea mate. Wiki moja tu kigoda kikikaa kitupu, kwaheri. Angerudi nyumbani kuwa mjane wa Faridi, kupakua wali kwenye arusi za watu. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua, naye alikuwa akilijua neno hilo na kuwaambia wengine. Kujiambia mwenyewe ndiyo kazi.

Basi akaacha kuchanganya kwa jicho, akachanganya kwa hesabu. Kila rangi alikuwa nayo kichwani tangu enzi za kikapu cha mchicha: nyeupe kopo moja, njano vifuniko vitatu, kahawia nusu kifuniko, nyeusi ya kuchovya njiti ya kibiriti, hiyo ni krimu ya Peugeot. Na mikono ilikuwa haijazeeka. Wateja walikuja, walichukua, walishukuru. Hakuna hata mmoja aliyerudisha. Mwantum akaanza kuamini kwamba amemshinda daktari.

Jumatatu moja asubuhi akafika Télesphore.

Huyu ni mzee wa Ngagara, mstaafu wa posta, mtu wa tai hata jua likiwa kali. Ana Peugeot 404 aliyoachiwa na baba yake, na kwa sababu ya ukosefu wa esansi, yaani petroli, gari lilikuwa limekaa juu ya mawe wiki ya tisa. Janti zote tano amezitoa, akazifunga moja moja kwa vitenge vya mkewe, akazileta kwa mkokoteni, yeye mwenyewe anatembea ubavuni ameshika ile ya juu isianguke.

"Mama Assia, salama?"

"Salama, mzee. Umeleta janti au umeleta wagonjwa?"

"Bon, esansi hakuna," alisema akipangusa jasho. "Gari haitembei. Basi angalau ipendeze ikiwa imekaa." Akafungua kitenge cha kwanza. "Unaikumbuka hii? Uliifanya mwezi wa tatu. Mama, kila mutu anasimama kuiangalia! Bibi yangu anasema ile janti moja inaaibisha gari yote. Mi nataka zingine nne zifanane na hii."

Ila nayo hiyo ilikuwa na mkwaruzo mrefu ukingoni. Alikuwa amekwenda nayo Gatumba kwenye mazishi, kwa lita zake za mwisho, njia yenyewe imeliwa na maji, jiwe likaivizia.

"Itapona," alisema Mwantum, moyo wake umejaa kama kibaba. Mwezi wa tatu! Mwezi wa tatu macho yalikuwa tayari mabovu, na bado mtu wa tai anasimama mbele ya uwanja mzima anasifu rangi yake. "Nipe mpaka Ijumaa. Zitakuwa ndugu wa tumbo moja."

Télesphore alikwenda zake. Mwantum akaanza na ile iliyokwaruzika, maana ndiyo iliyokuwa kipimo cha wenzake. Aliiweka juu ya kitovu, akalowesha msasa, akasugua pembezoni mwa mkwaruzo, taratibu, kwa mduara unaopanuka. Msasa ukishuka hivyo, kila safu ya rangi hubaki na ukingo wake, na mtu mwenye kidole kilichofundishwa anaweza kuzihesabu kama kurasa. Mwantum hupaka kila janti kwa namna moja tangu siku ya kwanza: rangi ya chini mara moja, rangi yenyewe mara mbili, na juu yake verni moja, ile ya kung'arisha isiyo na rangi. Verni chini ya msasa huteleza kama ngozi ya yai. Rangi hukwama kidogo.

Kidole kikateleza. Vyema, hiyo verni. Kikakwama: rangi. Kisha kikateleza tena.

Alisimamisha mkono. Aliosha pale mahali, akapangusa kwa kanga, akapitisha ukucha. Ukucha ulishuka ngazi, ukashuka ngazi nyingine. Alisugua upande wa pili wa janti, mbali na mkwaruzo, mambo yakawa yaleyale. Verni, rangi, verni, rangi. Verni mbili! Yeye hajapata kupaka verni mbili tangu azaliwe.

Alichukua simu.

"Mzee Télesphore, kweli tupu. Hii janti ulimpelekea nani baada yangu?"

"Nani? Apana, Mama! Toka mukono yako mpaka ku gari yangu. Kwani kuna nini?"

"Hakuna kitu. Asante."

Télesphore hajui kusema uongo. Ana woga wa watu wa posta. Basi lilikuwa limefanyika hapahapa uwanjani. Mwantum humaliza kazi mchana, huiacha ikauke, na ikifika alasiri hurudi nyumbani kusali na kupika. Mteja huchukua kesho yake. Na anayebaki nyuma kufunga lango, kila siku ya Mungu, ni mtu mmoja. Aligeuza kichwa. Jovithe alikuwa amechuchumaa na mlango wa gari mapajani, anagonga tok, tok, tok, mgongo ameugeuzia upande aliokwisha kuambiwa miaka minane augeuzie.

Mwantum alifunika janti, akaenda nyumbani, akaunguza mboga. Assia, anayeuza nguo za watoto sokoni na aliyerithi ulimi wa mama yake, alimwuliza mboga ile imekosa nini. Mwantum alijibu kwamba kikulacho ki nguoni mwako, na Assia akaona afadhali ale kimya.

Jumanne alifika wa kwanza, akasimama katikati ya uwanja mikono kiunoni. Télesphore naye alikuja, simu ya jana ilikuwa imemnyima raha. Jovithe alipoingia na mfuko wake wa nyundo, Mwantum hakungoja autue.

"We Jovithe! Nani amegusa janti yangu?"

Nyundo zote zikanyamaza. Maxime akatoka chini ya gari, uso umechafuka mafuta.

"Mwezi wa tatu nilipaka janti ya mzee huyu. Nimeisugua jana, chini ya verni yangu kuna verni! Kuna mtu ameipuliza upya mimi nikiwa kwangu nasali. Kwa pistole yangu, kwa kompresa ya marehemu mume wangu! Ni nani anafunga lango hapa? Ni mimi? Ni Maxime? Sema!"

Jovithe aliutua mfuko chini. Alimtazama Mwantum, akaitazama ardhi.

"Ni mi, Mama."

Hata Mwantum hakutegemea lije jepesi hivyo. "Kwa nini?"

"Vumbi," alisema Jovithe. "Vumbi langu lilianguka juu ya kazi yako ikiwa mbichi. Niliogopa makelele. Nikairudilia."

Watu wakaguna. Maxime alijifuta mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja, kama mtu anayetafuta kidole cha kumwokoa. Hakukipata. "Jovithe," alisema, "kanuni unaijua. Fabrice aliondoka kwa bolti moja."

"Naijua, patron."

"Basi kusanya vyombo."

Na Jovithe, yule mwanamume mzima mwenye watoto watano kule Buterere, hakubisha. Alianza kuokota nyundo zake moja moja na kuzitia mfukoni.

Mwantum alirudi kwenye kigoda chake. Ameshinda, sivyo? Ukweli umetoka, mwizi amekiri, uwanja mzima umesikia. Alitaka kufurahi lakini furaha haikuja. Mkono wake, kwa mazoea tu, uliishika ile janti ukaanza kuizungusha, kidole kikatafuta ule ukingo wa verni ya chini, ile ya kwake. Kikateleza. Akakipitisha tena. Vumbi likiangukia verni mbichi hubaki humo milele, chenga chenga kama unga wa sembe, na huwezi kulificha kwa kupuliza juu yake. Kidole kitalipata tu. Hapakuwa na chenga hata moja. Verni yake ilikuwa safi kama kioo.

Jovithe amesema uongo. Amejisingizia. Mtu anajisingizia kosa la kumfukuzisha kazi kwa ajili gani? Na fundi gani anaharibu jioni yake kuirudilia kazi safi? Kama mkono haukuwa na kosa, basi kosa lilikuwa...

Alimwita Télesphore kwa kidole, akamwonyesha pale aliposugua.

"Mzee, niangalizie hapa," alisema kwa sauti ya chini. "Rangi ya juu na rangi ya chini, ni moja?"

Télesphore aliinamisha miwani. "Apana, Mama. Ya juu ni krimu. Rangi yangu, ya Papa. Hii ya chini..." Akasita. "Hii ni nyeupe. Nyeupe kabisa, kama chokaa ya ukuta. Kwani we huoni?"

Hakuna aliyesikia isipokuwa wao wawili, na Télesphore mwenyewe alikuwa bado hajaelewa alichokisema. Ingetosha Mwantum aitikie "Naona, naona," afunike janti kwa kanga, amwache mtu wa Buterere afunge mfuko wake. Kigoda kingebaki chake. Jina lingebaki lake. Na wallahi, msimwone malaika: alilifikiria. Alilifikiria kwa muda wa nyundo tatu kuingia mfukoni. Ya nne ilipoingia, akasimama.

"Maxime! Mwambie huyo mtu aache kufungasha."

"Mama Assia, kanuni..."

"Hakuna vumbi! Amesema uongo huyu, mwongo mkubwa! Niliipaka janti ya watu nyeupe badala ya krimu, naye akaja nyuma yangu akanisitiri." Akaivuta kanga yake begani. "Macho yangu hayaoni. Ni mwaka wa pili sasa. Mtoto wa jicho, yote mawili. Krimu siioni, nyeupe siioni, nachanganya kwa hesabu tu. Haya, nimesema. Mwenye kucheka acheke."

Hakuna aliyecheka. Hakuna hata aliyeshangaa. Fundi wa breki alitazama viatu vyake, wa redieta akajikuna shingo, na Mwantum akazipitia nyuso zile zilizofifia moja baada ya moja, akaanza kuelewa.

"Tunajua, Mama," alisema Maxime.

"Munajua?"

"Tunajua bote."

"Tangu lini?"

"Tangu mwaka jana. Kuna siku ulimsalimia Jovithe ukidhani ni mi, ukamwuliza habari za tumbo langu."

Hapo ndipo alipoona haya, haya ya kweli, iliyompanda kutoka miguuni. Mwaka mzima amelificha jambo kama mwizi, na jambo lenyewe limekaa uwanjani na watu, linakunywa nao chai! Alijiona mjinga. Kisha, kwa kuwa yeye ni Mwantum, haya iligeuka hasira.

"Na mukaniacha! Mwaka mzima munanitazama najidanganya kama mutoto, hakuna mwanamume hata mmoja hapa wa kunifungulia mdomo!" Alimgeukia Jovithe. "Na we! Ni janti ngapi?"

"Mama, sikuhesabu..."

"Umehesabu! Ngapi?"

Jovithe alishika kofia yake kwa mikono miwili. "Kumi na moja. Pamoja na hii."

"Kumi na moja," alirudia Mwantum. Alikaa kwenye kigoda chake. Janti kumi na moja alizoshukuriwa. "Kwa nini hukuniambia?"

"Mutu anamwambia mama yake vipi maneno kama hayo?" alisema Jovithe. Kisha, kwa kuwa swali lilikuwa bado limesimama, akaongeza polepole, "Na kazi ilikuwa safi, Mama. Mi ni fundi, naona. Hakuna mutu Bujumbura anapuliza hivyo. Ilinifanyia mbaya, kazi safi hivyo irudishwe kwa sababu ya rangi tu. Na si kosa lako yote. Ile njano ya siku hizi haina nguvu. Ni maji. Zamani vifuniko vitatu, sasa inataka saba."

"Saba!"

"Saba, Mama. Wakati mwingine nane."

Mwantum alitikisa kichwa. Ingekuwa macho yake ya zamani, angeigundua njano ile kwa kufungua kopo tu, angemrudishia mwenye duka na matusi juu.

Maxime bado alikuwa amesimama na kitambaa chake. Alikuwa amemhukumu Fabrice kwa bolti moja, na watu saba walikuwa wakimtazama. "Kanuni," alianza, "inasema kazi ya mwenzako haiguswi..."

"Bila ruhusa ya mwenyewe," alisema Mwantum.

"Hiyo haikuwamo."

"Sasa imo. Nami nimemruhusu. Nimemruhusu kwa hizo kumi na moja, na kwa hizi nne za mzee. Na Fabrice mtafute umwambie arudi, maana ulimwonea, sote tulimwonea."

Maxime alifikiri. Kisha aliingia tena chini ya gari lake bila kujibu, na uwanjani pale hiyo ndiyo hukumu ya kuachiliwa. Jovithe alianza kuzitoa nyundo mfukoni.

Akabaki Télesphore, na tai yake, na janti zake tano. Mwantum alimkabili. "Mzee, umesikia mwenyewe. Ile rangi uliyoisifu si yangu, ni ya huyu. Unaweza kuzichukua zote sasa hivi, sitakulaumu."

Télesphore alizitazama janti, akamtazama mmoja, akamtazama mwingine. "Mi nilisema nataka nne zifanane na hii moja," alisema. "Sasa hii moja iliyopendeza ilifanywa na watu wawili. Nizipeleke wapi?" Akavuta kiti cha mtu, akaketi kungoja, kana kwamba rangi hukauka akiitazama.

Mwantum alimpigia Assia simu. Alimwambia maneno mafupi: kwamba ndani ya mto wake kuna karatasi ya daktari, aitoe, aisome, aende akaulize tarehe ya karibu. Assia alipiga kelele mpaka Jovithe akazisikia kutoka alipokuwa. Alilia, akamgombeza mama yake kwa dakika nzima, na Mwantum akamwacha agombeze, jambo ambalo halijapata kutokea.

Kisha akafungua makopo. Akamimina nyeupe. Akatia njano vifuniko saba, kahawia nusu, nyeusi ya ncha ya njiti. Alikoroga mpaka mkono ukamwambia imechanganyika. Mbele yake ndani ya kopo palikuwa na kitu cheupe-cheupe, kama ukungu wa asubuhi, kisichomwambia lolote. Miaka thelathini na mitatu ya kuchanganya rangi, sakafuni kwake na hapa langoni, hakupata kumwuliza binadamu neno hili.

"Jovithe. Njoo hapa uangalie. Imefika?"

Jovithe alikuja, akainama juu ya kopo. Aliitazama rangi, akaitazama janti, akarudi kwenye rangi. Mwantum alimsikia akivuta pumzi, na akajua kabisa kile ambacho mtu yule alikuwa karibu kukisema, kwa upole wake, kwa heshima zake zile za mwaka mzima.

"We usinionee huruma," alisema. "Sema."

Jovithe alichovya njiti ya kibiriti ndani ya kopo, akaiweka kando ya janti.

"Bado, Mama."

Lilimchoma, lilimchoma sana. Mwantum alijaza kifuniko cha nane, akakimimina, akakoroga.

"Na sasa?"

"Bado kidogo."